Pondo Lisilogusa Chini: Picha za Vyombo vya Rufiji

Vyombo vya kazi vya mto Rufiji havifanani toka juu hadi chini. Pande za Utete na Ndundu ni mitumbwi ya gogo moja, ya kuvulia na kuvushia watu na mpunga. Deltani, mto unapogawanyika ndani ya mikoko na kuingia Bahari ya Hindi mkabala na Mafia, ndipo penye mashua na majahazi ya tanga, yaliyozoea kupakia boriti.

Mwandishi wa kumbukumbu hii alianza kuvipiga picha enzi za filamu, magari ya Lindi na Mtwara yalipokuwa yakingoja pantoni Ndundu. Foleni ile, iliyowaudhi wasafiri wote, yeye ilimfaa. Filamu ilikuwa na picha 36, na makosa yake yalionekana baada ya kusafishwa Dar es Salaam, mtumbwi umeshakwenda zake. Maji yanayomeremeta mchana yaliidanganya mita ya kamera, ikabana mwanga, na wapiga kafi wakatoka weusi kama makaa, bila macho. Dawa yake ilikuwa kupima mwanga kwenye kiganja badala ya maji, kisha kufungua lenzi hatua moja zaidi. Au kungoja jua la saa kumi na moja, linaloingia hadi chini ya kofia. Kosa jingine lilikuwa omo kugota kwenye ukingo wa picha, chombo kikawa hakina pa kwenda.

Hayo wapiga picha wenzake waliyaona upesi. Kubwa zaidi aliliona mvuvi mmoja mzee. Alionyeshwa picha iliyosifiwa kuliko zote, kijana amesimama tezini ameshika pondo, jua likizama nyuma yake. Akacheka: “Mwanangu, hapo pondo haligusi chini.” Kweli. Kijana aliombwa aweke kafi ashike pondo, kwa kuwa ni refu na linapendeza. Pondo ni la maji mafupi. Penye kina hupigwa kafi.

Tangu hapo swali la kwanza likawa chombo kinafanya kazi gani. Picha ya jahazi la boriti nayo ikaanguka: mizizi ya mikoko ilikatwa nje ya picha, na humo ndimo nahodha husoma maji. Majahazi huingia deltani na maji kujaa, hutoka na maji kupwa. Bila mizizi, haijulikani lile lilikuwa likielekea wapi.

Mwaka 2003 Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa, na pantoni ikakosa kazi. Kamera ya dijitali ilipofika, wenye vyombo wakawa wanaziona picha palepale ufukweni na kuzikosoa kabla hawajaondoka. Picha za siku hizi hazina machweo mengi. Ndani yake yumo hata mtoto aliyeinama anakumba maji ya ngama kwa kopo, ambaye zamani angengojewa atoke kwanza.