Wazee Wenye Funguo

Mwembesongo niliyokulia, hapa Morogoro mjini, ilikuwa na wazee wenye funguo. Ukipita asubuhi uliwakuta barazani, bibi huyu funguo kazifunga kwenye pindo la khanga, mzee yule kazitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Kila ufunguo ulikuwa wa chumba, na kila chumba kilikuwa na mpangaji. Matajiri hawakuwa. Wengi wao walikuwa na nyumba moja tu ya vyumba sita, vitatu upande huu na vitatu upande ule, korido katikati, baraza mbele, na nyuma ua wenye choo, bafu la mabati na jiko. Lakini mwezi ukiisha walikuwa na hela yao mkononi, na hawakuhitaji kumsubiri mtoto aliyeko Dar es Salaam.

Nyumba ya bibi yangu mzaa mama ilikuwa mojawapo. Alikuwa Mluguru wa Matombo, akateremka mjini na mumewe wakati mashamba ya mkonge ya Tungi na Kingolwira yalipokuwa yakiajiri watu wengi. Babu alifariki mapema. Nyumba ilianza kwa miti na udongo, mabati yakafuata, kisha tofali za kuchoma, chumba baada ya chumba, kila kodi ya mwaka ikigeuka ukuta. Yeye alikaa chumba cha mbele kushoto, chenye dirisha linalotazama barazani, ili anayeingia na anayetoka amuone na amwamkie.

Nilipopata akili, vyumba vingine vilikaliwa na vijana. Wasichana walikuja msimu wa kuchambua tumbaku kiwandani, wakakaa miezi kadhaa, wakaondoka. Wanaume walifanya kazi kwenye viwanda vya Kihonda. Morogoro ya miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa mji wa viwanda hasa: viatu, ngozi, turubai, magunia, nguo za Polytex, mafuta ya Moproco. Kijana aliyeajiriwa huko alipanga chumba Mwembesongo, Mji Mpya au Chamwino akijua atahama akishaoa. Baadhi hawakuhama kamwe.

Ubinafsishaji wa miaka ya 1990 uliwakuta humo humo. Viwanda vilifungwa au kubadilisha wenyewe, watu wakapunguzwa. Akiba yao ilikuwa kwenye mfuko wa NPF ulioanzishwa mwaka 1964, ambao ulimlipa mfanyakazi kwa mkupuo, basi. Pensheni ya kila mwezi kwa wafanyakazi wa aina hiyo ilikuja na NSSF, kwa sheria ya mwaka 1997. Aliyepunguzwa kabla ya hapo alipokea bahasha moja. Mmoja wa wapangaji wa bibi alinunua cherehani kwa pesa hiyo na kuiweka barazani petu, akashona viraka vya suruali na magunia ya wauza mkaa hadi macho yalipokataa. Aliingia kwenye ile nyumba kijana, akazeekea humo.

Chumba cha kando yake alikaa mzee wa reli. Aliajiriwa zama za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile iliyovunjika mwaka 1977, na alikuwa miongoni mwa wastaafu waliodai malipo yao kwa miaka mingi. Kwenye sanduku la bati alikuwa na karatasi zake zote, na sisi watoto tuliojua kusoma tulisomeshwa zile barua mpaka tukazihifadhi kichwani. Chumba cha tatu alikaa mzee kutoka Mgeta, na kisa chake kinahitaji maelezo kwa msomaji asiyetoka kwetu. Kwa desturi ya Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama. Mwanamume akioa akaenda kulima kwa mke, ile mihogo na migomba anaipanda kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe. Mke wake alipofariki, shamba likabaki kwa ukoo wake, kama inavyotakiwa, na yeye akaona haya kurudi kwa wapwa zake akiwa na umri ule bila jembe wala nguvu. Akashuka mjini, akaanza kuuza ndimu na magimbi nje ya soko, akapanga kwa bibi. Wazee wa namna hiyo walikuwa wengi mjini kuliko watu wanavyodhani.

Hivyo ndivyo nyumba ya wapangaji ilivyogeuka nyumba ya wazee. Hakuna aliyeipangia iwe hivyo, na bango haikuwa nalo.

Maisha ya mle ndani yalitegemea unamuuliza nani. Mzee wa reli aliyapenda. Alikuwa mjane, watoto wake wako mbali, na alisema wazi kwamba korido ndiyo iliyomweka hai. Usiku mmoja alishikwa na kifua, akagonga ukuta kwa mkongojo. Fundi cherehani akaamka, akamwamsha bibi, bibi akamtuma kijana wa jirani kutafuta gari, na kabla ya alfajiri yuko hospitali ya mkoa. Asubuhi mlango wa mzee yeyote usipofunguliwa kufikia saa mbili, mtu alibisha hodi. Uji ukipikwa, bakuli moja lilivuka korido. Mwezi ambao hana kodi, bibi alimwambia, "Baba, utanipa ukipata," na habari ikaishia hapo.

Mzee wa Mgeta hakuyapenda hata kidogo. Alikuwa mtu wa mlimani, amezoea nyumba kukaa peke yake kwenye mgongo wa kilima, jirani umuite kwa sauti. "Hapa ukikohoa, nyumba nzima inakunywa dawa," alikuwa akilalamika. Harufu ya alichopika ilijulikana kabla hajapakua. Redio ya chumba cha nne ililia mpaka usiku wa manane. Na alikuwa na haki kwa lile kubwa zaidi, yaani choo. Kilikuwa uani, hatua nyingi kutoka kitandani, hakuna taa, hakuna pa kushika, na wakati wa masika udongo ukilowa unateleza vibaya. Alianguka huko akavunjika kiganja. Bibi alimwaga kokoto na kufunga kamba ya kushikilia kutoka mlango wa nyuma hadi chooni, lakini mtu mwenye magoti mabovu kuchuchumaa gizani ni adhabu, kamba iwepo isiwepo.

Umeme nao ulileta ugomvi usiokwisha. Mita ilikuwa moja, bili inagawanywa kwa taa, na mwenye pasi anamlaumu mwenye friji. Mara kadhaa balozi wa nyumba kumi aliitwa kusuluhisha shilingi chache. Wazee ndio walioumia zaidi, maana taa moja ya mzee anayelala saa mbili ilihesabiwa sawa na taa ya kijana anayekesha. LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ilipofika na kila mtu akaanza kununua wake, amani iliongezeka, ila mkutano wa kila mwezi wa kugawana bili nao ukafa. Kwenye ule mkutano, pamoja na kelele zote, ndipo ilipojulikana nani anaumwa na nani hajala.

Kubadilika kwenyewe hakukuja siku moja. Stendi ya mabasi ya Msamvu ilivyozidi kukua, viwanja vya Mwembesongo vikapanda bei. Baraza zikaanza kuliwa: mwenye nyumba anabomoa ukuta wa mbele, anaweka fremu mbili, moja ya saluni, nyingine ya miamala ya simu. Kodi ya fremu ni nzuri kuliko ya chumba, simlaumu mtu. Lakini baraza ndipo mzee alipokaa, na ilipogeuka duka akabaki hana pa kukaa ila kitandani. Vyuo navyo viliongezeka. Chuo Kikuu cha Waislamu kikafunguliwa mjini, chuo kikuu cha kilimo, SUA, kikazidi kupokea wanafunzi, na dalali akaanza kuwaambia wenye nyumba kwamba mwanafunzi analipa miezi sita kwa mkupuo na hakai miaka ishirini. Vyumba vikavunjwa, vikajengwa upya vyenye choo ndani, geti la chuma mbele. Choo cha ndani! Kile ambacho mzee wa Mgeta alikililia kilifika Mwembesongo, kikafika kwa bei ambayo yeye asingeiweza.

Bibi alipoanza kuchoka, ndugu walikaa kikao. Wajomba, ambao kwetu neno lao ni zito, walitaka arudi Matombo kwenye ardhi ya ukoo. Huko ni kwake, hakuna wa kumfukuza, na hewa ni nzuri. Lakini kutoka barabara ya Kisaki mpaka kwenye nyumba ya ukoo ni kupanda, na mtu mwenye presha akizidiwa hubebwa kwa machela ya miti. Mama mdogo akamchukua Dar es Salaam, kwenye ghorofa ya tatu. Bibi alitunzwa vizuri sana: maji bombani, choo cha kukaa, dawa kwa wakati. Asubuhi wote wanatoka, mlango wa chuma unafungwa kwa usalama wake, anabaki na televisheni. Ngazi hakuweza kuzishuka bila kushikwa. Aliniambia kwa simu kwamba tangu Jumatatu hajaamkiwa na mtu asiyemzaa. Hakumaliza mwaka, akaomba arudishwe Mwembesongo, akarudi, akachukua funguo zake, na akafia kwenye chumba chake cha mbele kushoto, wapangaji wake wakiwa wa kwanza kujua.

Baada ya arobaini nyumba iliuzwa. Warithi walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa na shida yake ya haki. Wazee watatu walipewa mwezi mmoja wa kuhama. Fundi cherehani alichukuliwa na binti yake Kihonda. Mzee wa Mgeta alipanda tena mlimani, kwa wapwa zake, na nilisikia walimpokea kwa heshima. Mzee wa reli hakuwa na pa kwenda. Maofisa wa ustawi wa jamii walimfanyia utaratibu akaingia Fungafunga, makazi ya wazee ya serikali yaliyo hapa hapa Manispaa ya Morogoro.

Nilikwenda kumwamkia. Alikuwa safi, amenyolewa, ana kitanda chake na godoro, na akaniambia jambo ambalo sikulitarajia: kwa mara ya kwanza tangu aache kazi, tarehe mosi haimtishi, kwa kuwa hadaiwi kodi. Alikuwa amepata mwenzake wa bao. Bibi mmoja aliyekaa karibu naye yeye alitamani jambo jingine kabisa. Alitaka sufuria yake. Apike mwenyewe mlenda, autie chumvi anavyotaka, ampakulie mtu. Chakula alikuwa akipewa. Alichokosa ni mtu wa kumpakulia. Niliwaacha wakibishana, na wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema familia ndiyo mlezi wa kwanza, na makazi ya wazee yawe njia ya mwisho. Nakubaliana nayo. Ila kati ya familia na Fungafunga kulikuwa na ngazi ya katikati ambayo sera haikuitaja, nayo ni nyumba ya vyumba sita. Kodi ndiyo iliyokuwa pensheni ya bibi, na uvumilivu wake juu ya kodi ndio uliokuwa pensheni ya wale wazee wengine. Zanzibar, mbali na nyumba za wazee za Sebleni na Welezo, tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 na zaidi alianza kulipwa na serikali shilingi 20,000 kila mwezi, na kiwango kikaongezwa baadaye. Bara hatuna malipo ya namna hiyo kwa wazee wote. Mzee wa Zanzibar mwenye hizo hela anaweza angalau kuchangia umeme anapoishi, na anayechangia hazungumzi kama anayeomba. Nadhani Bara tumechelewa katika hili, na tunachelewa huku nyumba zilizokuwa zikituzibia pengo zinabomolewa moja baada ya nyingine.

Watu wa rika langu hupenda kusema umbali ndio uliotutenga na wazazi. Lakini tangu Juni 2024 treni ya SGR inatoka Dar es Salaam hadi Morogoro kwa muda usiofika saa mbili. Mtu anaweza kuja Jumamosi, akabadilisha balbu ya uani, akanywa chai barazani, akarudi jioni.

Kwa hiyo nina ombi kwa yeyote aliyerithi nyumba ya korido, iwe Mwembesongo, Chamwino au Mji Mpya. Kama unaikarabati, anza na choo: weka cha kukaa, chuma cha kushikilia ukutani, taa inayowaka usiku kucha. Ukijenga fremu, acha kipande cha baraza. Chumba kimoja cha mbele mpe mzee kwa kodi anayoiweza. Na kama ndugu wameamua kuuza, waiteni wapangaji wazee kwenye kikao, mjue kila mmoja ataenda wapi, kabla dalali hajaleta mnunuzi.