Kabla mtoto hajapanda boti Kibirizi

Kutoka Ujiji hadi mwalo wa Kibirizi ni mwendo mfupi tu, lakini safari ya familia huanzia nyumbani. Maboti ya mbao yaendayo Gombe, Mwamgongo na Kagunga hubeba magunia, kuku na watoto wanaosafiri majini kwa mara ya kwanza.

Mtoto wa Ujiji huoga ziwani tangu mdogo, hivyo mzazi huona hana la kuhofia. Lakini pale ufukweni anagusa chini. Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470, na kiangazi upepo wa kusini huinua mawimbi makubwa.

Tafuta mapema jaketi la kuokolea maisha linalomtosha mtoto, si la mtu mzima. Mfunge kamba zote, kisha mwinue kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa; akianguka majini linaweza kumvuka.

Mpe chakula chepesi kabla ya kuondoka. Akianza kichefuchefu, atazame milima ya pwani, si sakafu ya boti.

Beba maji yaliyochemshwa na pakiti za ORS. Mwaka 2015 kipindupindu kiliua watu Kagunga, hivyo usimchotee mtoto maji ya ziwa anywe, hata yaonekane maangavu.

Boti likijaa kupita kiasi, shuka na wanao. Bibi wa Mwamgongo atawasubiri hadi kesho.