Mwinyi, Kabaila na Mwenyeji: Asili ya Maneno na Suala la Ardhi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, hakuna shutuma inayotolewa kwa wepesi kama ile ya umwinyi. Mhusika akivikwa kilemba na kupewa shamba kubwa, mara huitwa mwinyi au kabaila, na hukumu ikawa imekwisha kupita. Hata hivyo, maneno haya yana historia yake, na historia hiyo haikuanza na unyonyaji.

Mwinyi ni umbo jingine la mwenye. Mzizi -enye hudokeza hali ya kuwa na kitu, wala si lazima kukimiliki. Mwenye shamba hulimiliki shamba lake. Mwenye njaa hana anachokimiliki. Katika miji ya mwambao, mwinyi lilikuwa jina la heshima walilopewa watu wa nasaba na watawala. Kisiwani Unguja, mtawala wa Wahadimu aliitwa Mwinyi Mkuu, na makao yake yalikuwa Dunga. Wa mwisho kushika cheo hicho alifariki mwaka wa 1873, wakati masultani wenye asili ya Oman walikwisha kushika hatamu. Heshima ya neno hilo imesalia katika majina ya watu, kama la Ali Hassan Mwinyi, Rais wa Tanzania kati ya 1985 na 1995.

Kabaila, kwa upande wake, lina asili ya Kiarabu na ni ndugu wa neno kabila. Katika Kiswahili lilimtaja mtu wa ukoo mkubwa na mwenye mali. Karne ya ishirini ndiyo iliyoyabebesha maneno haya mzigo mwingine: yalitumiwa kuutaja mfumo wa Ulaya ya kale, ambapo bwana alipewa ardhi na mfalme kwa ahadi ya utumishi, naye mkulima akailipia kwa jasho lake. Azimio la Arusha la 1967 liliushutumu ukabaila sambamba na ubepari. Wahakiki wa mkabala wa Kimarx nao wakaupanga umwinyi baada ya ujima na utumwa, kabla ya ubepari. Jina la heshima likawa jina la lawama.

Je, lawama hiyo ilikuwa na msingi? Naam. Katika Buhaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, kulikuwa na nyarubanja, neno lenye mzizi mmoja na kibanja, yaani shamba la migomba. Mkama aliwagawia wakubwa wake maeneo ambamo wakulima walikwisha kukaa. Wakulima hao wakajikuta wapangaji katika migomba yao wenyewe, wakidaiwa mazao na kazi. Tanzania ilitunga sheria mwaka wa 1965 na 1968 kuwakomboa wapangaji wa namna hiyo. Anayeuita mfumo huu umwinyi hakosei, lakini akiishia hapo huwa hajaeleza jinsi mkulima alivyopokonywa haki yake bila ya kuhamishwa.

Hapa ndipo neno mwenyeji linapodai kusikilizwa. Huelezwa kuwa limetokana na mwenye mji, na methali husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ila katika Pwani ya Kenya kuna wenyeji wengi wasio wenye. Sheria ya hatimiliki ya 1908 iliwataka wenye madai katika ukanda wa pwani kuyathibitisha. Ardhi isiyothibitishwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Waliolima kwa mazoea ya ukoo, bila ya karatasi, wakaja kuitwa maskwota mahali walipozikwa babu zao. Mjini Mombasa nako, mtu huweza kuwa mwenye nyumba juu ya kiwanja cha mwingine, akilipia ardhi iliyo chini ya kuta zake.

Kwa hivyo, mwanafunzi wa Kiswahili asiridhike kumbandika mhusika jina la kabaila. Na aulize: ni nani anayelima, ni nani anayevuna, ni nani mwenye hati, na ni nani awezaye kufukuzwa kesho? Kilemba hakijibu maswali hayo. Leo mwenye ardhi huenda akavaa suti, akaishi mbali, na wapangaji wake wasiwahi kumwona. Msamiati wetu wa umwinyi ukishindwa kumtambua mtu huyo, utakuwa umebaki kuwa wa mitihani tu, ilhali mzizi -enye ungali unagombaniwa mashambani.