Tiara ya Mwanetu na Kipimo cha Upepo



Ndugu wasomaji, kwetu sisi watu wa pwani upepo si mgeni. Tumekua tukiusikia ukitajwa kwa majina yake: kaskazi, kusi, matlai, umande, na maleleji baina ya msimu na msimu. Wazee wetu walijua wakati wa kutweka tanga na wakati wa kulitua. Hata hivyo, upepo huohuo tuliodhani tunaujua ulitufunza somo ambalo tulililipia kwa fedha zetu na kwa mtulinga wa mwanetu. Tumeonelea tuwasimulie, kwani vijana wengi wa pwani sasa wanauelekea mchezo huu.

Kijana wetu wa pili, mwenye umri wa miaka 18, alikuwa akifanya kazi ufuoni Diani. Aliwasaidia wageni wanaoteleza juu ya maji wakiwa wamesimama kwenye ubao, huku wakivutwa na tiara kubwa. Aliwajazia tiara upepo kwa pampu, akawabebea mbao, na akazipokea tiara zao zilipotua. Nia yake ilikuwa awe mwalimu wa mchezo huo, nasi tuliiona kuwa ni njia ya riziki ya halali. Siku moja mgeni aliyekuwa akirejea kwao alimwuzia tiara yake kuukuu ya mita 14 za mraba kwa bei nafuu. Fedha zilizopungua tulimwongezea sisi wazazi, kutoka katika akiba tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya kuezeka upya paa la jikoni. Tulifurahia bei, wala hatukuuliza neno jingine. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba rahisi huvunja upishi.

Ilikuwa mwezi wa Januari, kaskazi imekaza. Baada ya sala ya adhuhuri mwanetu alikwenda ufuoni na rafiki yake, bila mwalimu. Tiara ilipopanda tu, ilimng'oa. Aliuachia mti wa kuongozea, lakini nguvu hazikupungua vya kutosha. Akaivuta kamba ya kujinasua, nayo ilikuwa imegandamana kwa chumvi na mchanga. Tiara ilimburura mchangani hadi kwenye mvinje, na hapo alivunjika mtulinga. Lau angeburuzwa kuelekea mwambani badala ya mchangani, pengine leo tungekuwa tunaandika tanzia. Alhamdulillahi kwa kila hali.

Nyumbani tulikhitilafiana. Baba alitaka mchezo huo usitajwe tena, na mama aliona kwamba kumkataza kijana bila kuelewa kosa lilikuwa wapi ni kumfanya aende kwa siri. Babu yake, aliyekuwa nahodha wa jahazi, alitusikiliza kisha akauliza swali moja tu: "Tanga hilo lilikatwa kwa chombo gani?" Hatukuwa na jibu. Kwa hiyo sote watatu tulikwenda kwa mwalimu mmoja wa mchezo huo tukaketi naye barazani, tukajifunza yale tuliyostahili kuyajua kabla ya kutoa fedha.

Jambo la kwanza ni ukubwa. Tiara hupimwa kwa mita za mraba, na huchaguliwa kwa kulinganisha uzito wa mchezaji na kasi ya upepo. Mabaharia hupima upepo kwa noti, na noti moja ni karibu kilomita 1.85 kwa saa. Hesabu wanayoitumia wengi kwa makadirio ni hii: chukua uzito kwa kilo, ugawanye kwa kasi ya upepo kwa noti, kisha uzidishe kwa 2.2. Mwanetu ana kilo 55. Katika upepo wa noti 20, kama ule wa siku ile, alihitaji tiara ya mita 6 hivi. Yeye alirusha ya mita 14! Tiara ile ilimfaa mtu wa kilo 90 katika upepo wa noti 14, na kwa hakika aliyeiuza alikuwa pande la mtu.

Tena nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na kasi yake. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Ndiyo maana anayeucheza mchezo huu mwaka mzima huwa na tiara mbili au tatu, kama vile nahodha alivyokuwa na tanga kubwa la pepo za taratibu na dogo la upepo mkali. Anayeanza, akijikuta baina ya saizi mbili, na achague iliyo ndogo, kisha atumie ubao mkubwa zaidi utakaomwelesha vyema.

Jambo la pili ni aina. Tiara za kujazwa upepo, ambazo huelea na kuweza kurushwa tena zikianguka majini, zilibuniwa na ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliosajili ubunifu wao mwaka 1984. Zile za mtindo wa zamani zimejipinda kama herufi C. Zina nguvu nyingi na ni ngumu kupunguzwa makali, hivyo hupendwa na mafundi wa kuruka na kupinduka hewani. Katikati ya miaka ya 2000 zilienea tiara zilizonyooka zaidi, za mtindo wa upinde, ambazo mchezaji akiusukuma mti wa kuongozea mbali naye hupoteza takriban nguvu zote. Zipo pia za umbo la pembetatu, ambazo hurushwa tena kwa urahisi kutoka majini, na zilizochanganya sifa za mitindo hiyo. Ziko nyingine zisizo na bomba la kujazwa, nyepesi, zifaazo upepo hafifu, lakini nyingi huwa na taabu zikianguka majini. Mwanafunzi anafaa aanze na ya upinde, ya pembetatu au ya mchanganyiko. Ya mwanetu ilikuwa ya herufi C.

Jambo la tatu ni hali ya kifaa. Ukinunua kilichotumika, kijaze upepo ukiache kwa saa moja uone kama kinavuja. Kiinue kitambaa kwenye jua utafute matundu na mishono iliyolegea. Zinyooshe kamba uone kama zina urefu sawa. Na juu ya yote, kijaribu mara kadhaa, huku kamba zikivutwa, kifaa cha kujinasulia.

Mtulinga ulipopona, lilizuka jaribio jingine. Baba mmoja wa mtaa wa pili alisikia kwamba tunayo tiara, akaja kuitaka kwa ajili ya mwanawe wa miaka 16, kwa bei ileile tuliyoinunulia. Hatuwafichi, nyoyo zetu ziliyumba. Paa lilikuwa lingali likivuja, na masika yalikuwa yanakaribia. Lakini dini yetu imetufundisha kwamba anayeijua aibu ya bidhaa yake hana budi kuibainisha. Tulimweleza yote: uzito, upepo, ule mfumo ulioganda, na mtulinga uliovunjika. Aliondoka akitushukuru, na fedha hatukuziona. Tiara ile hatukumwuzia mtu. Tuliikata, na kitambaa chake tukakitandaza juu ya jiko letu kukinga mvua hadi tulipojaliwa mabati.

Mwanetu amerudi majini, safari hii chini ya mwalimu, kwa tiara ya kuazima ya mita 7, baada ya kuutazama upepo, maji kujaa na kupwa, na saa ya alasiri. Upepo wa umande unaovuma kutoka bara kwenda baharini hauchezewi kabisa. Dada yake mwenye kilo 48 naye ameanza kuuliza, kwani mavazi ya kufunika mwili wote huvaliwa na wengi huko kwa sababu ya jua. Tumemwambia apige hesabu yake kwanza. Ameleta jibu: mita 7 kwa noti 15. Mengine bado tunayajadili.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Nasi wazazi tulitegemea kabla ya kufunga. Mtoto wako akikuomba tiara, usiulize bei kwanza. Muulize ana kilo ngapi, na upepo ni noti ngapi.

Wabillahi tawfiq.