Deni la Picha

Mpiga picha wa njiani huwa na marafiki wengi asiowajua kwa majina. Mmoja wao tulimpata asubuhi moja katika Mji Mkongwe wa Unguja, pale Jaws Corner, ambapo wazee hukaa barazani wakinywa kahawa na kuzungumza habari za dunia. Alikuwa muuza kahawa, mdila mkononi, na moshi wa makaa umemzunguka. Tukampiga picha bila ya kumwomba ruhusa.

Akauweka mdila chini. “Mwanangu, nyumbani kwangu ungeliingia bila ya hodi?”

Tulinyamaza kwa haya. Aya ya 27 ya Surat An-Nuur, ituamrishayo kuomba idhini na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba za wenzetu, tuliisoma tangu chuoni. Lakini haikutupitikia kuwa uso wa mtu nao una mlango. Tukamtaka radhi, tukasema tutaifuta.

“Usiifute,” akajibu. “Nitolee katika karatasi nimpelekee mama yangu Pemba. Miguu haimchukui tena, na mimi sijavuka bahari tangu Mfungo Mosi.”

Tuliahidi Ijumaa. Zikatushika kazi za arusi (na arusi, msomaji, ndizo zitulipiazo kodi), zikapita wiki tatu. Tulipompelekea, aliitazama sana, kisha akatuarifu kwamba mama yake alizikwa Jumanne iliyopita.

Hakutulaumu. Aliitia picha mfukoni mwa kanzu, akatumiminia kikombe, na fedha zetu akazikataa.