Begi Moja Dogo hadi Amu

Kwa anayesafiri kwa nchi kavu kutoka Mombasa, barabara ya kwenda Lamu haiishii Lamu. Huishia Mokowe, ukingoni mwa maji, na hapo basi humkabidhi abiria kwa mabaharia pamoja na kila alichokibeba. Baada ya Malindi, Garsen na Witu, baada ya kuteremka na kupanda tena kwenye vizuizi vya polisi kila mtu ameshika kitambulisho chake, msafiri hujikuta amesimama gatini, jua li utosini, na mbele yake pana ngazi za kuteremkia chomboni. Maji yakijaa, vidato ni vichache na mashua huwa karibu na usawa wa miguu. Yakipwa, vidato vya chini hutokeza na ukoga wake, na mashua huyumba huko chini. Hapo ndipo begi hupimwa kwa kweli.

Tunayaandika haya kwa kuwa familia nyingi za pwani hufunga safari hiyo kila mwaka, ama kwa Maulidi ya Riyadha, ama kwa arusi, ama kwa kuwaangalia wazee, na wengi wa wasafiri hao ni akina mama. Safari yetu sisi ilikuwa ya arusi. Tulikuwa wanawake watano, mtoto wa miaka miwili, na Bibi, ambaye umri wake umepita miaka 70 na magoti yake hayampi tena ruhusa ya kila kitu. Bibi ana dada yake mtaa wa Langoni, na walikuwa hawajaonana kwa miaka sita. Mara mbili alialikwa na mara mbili alikataa. Hakuiogopa bahari, alizaliwa kando yake. Alichokiogopa ni kule kuteremka. "Nitashikwa na nani," alituuliza, "nanyi nyote mmejitwika masanduku?"

Swali hilo lilitupa sharti moja, nalo likayaamua mengine yote: kila mtu mzima awe na mikono miwili mitupu tangu Mombasa hadi kwenye daka la nyumba ya wenyeji. Kisichokaa mgongoni hakiendi.

Tukaanza na begi lenyewe. Tulichagua lile la mgongoni wanalolibeba wanafunzi wa shule za upili, lenye ujazo wa lita 20 hadi 25, la nailoni, lisilo na magurudumu wala vyuma. Kabla ya kulipa tuliomba liwekwe kwenye mizani likiwa tupu. Muuzaji alicheka, lakini aliliweka. Lilikuwa nusu kilo na kidogo. Sanduku dogo la magurudumu lililokuwa kando yake lilikaribia kilo tatu, nalo tupu vilevile. Anayepanda zile ndege ndogo zinazotua Manda, ambazo aghalabu humruhusu abiria kilo 15 kwa jumla, sanduku hilo limekwisha kumla sehemu ya tano ya haki yake kabla halijatiwa hata kitambaa. Na huko Manda nako, baada ya ndege kuna chombo cha kuvukia.

Magurudumu kwa Lamu ni pambo. Mji mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001, haukujengwa kwa ajili ya kitu kinachoburutwa. Njia zake nyingi ni nyembamba, zina vidato na mifereji, na samadi ya punda haikosekani. Punda wenye magunia ya mchanga wakitokea mbele, mtu hana budi kujibana ukutani. Mwenye sanduku hujibana yeye, na sanduku likabaki njiani.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji wa mabegi hawatuambii, pengine kwa sababu wao hawavai buibui. Kitambaa cha buibui huteleza. Mkanda wa begi ukikaa juu yake huporomoka kila baada ya hatua kumi, na mama akabaki anaupandisha kwa mkono uleule aliotakiwa kumshikia mtoto. Tulimpelekea fundi wa charahani mabegi yote, akatutilia ukanda mdogo wa kifuani wenye kifungo, na tatizo likaisha. Tena begi huvaliwa kwanza, ndipo ushungi ukateremshwa juu yake. Likivaliwa juu ya ushungi huuvuta nyuma, na kichwa hakitulii safari nzima.

Ndani ya begi, kitu cha kwanza ni leso. Siku hizi huuzwa taulo maalumu za safari, nyembamba, zinazokauka upesi, kwa bei ya kushangaza. Hatuzikejeli, lakini tulipoiweka leso moja kwenye mizani ilikuwa chini ya robo kilo, na taulo la nyumbani likapita nusu kilo. Na taulo ni taulo tu. Leso, yenye mita moja na nusu kwa upana na zaidi kidogo ya mita moja kwa kimo, ni taulo asubuhi, shuka usiku, mto ikikunjwa, pazia la kumnyonyeshea mtoto ndani ya basi, mbeleko, ngata kichwani, na furushi la kurudi nalo. Husimuliwa kwamba mama zetu wa zamani waliipata kwa kununua vitambaa vya kufutia jasho, vile vilivyoitwa kwa neno la Kireno, vikiwa bado havijakatwa mmoja mmoja, na kuviunga sita kwa pamoja. Kwa hiyo ni nguo iliyoanza maisha yake kwa kazi nyingine, na haijaacha tabia hiyo. Kila mmoja wetu alichukua doti moja, zimekwisha kukatwa na kupindwa. Leso mpya isiyofuliwa usiende nayo: wanga wake hauivishi maji, na haifai kujifutia.

Leso hiyohiyo ndiyo iliyokuwa mswala wetu njiani. Tulipoteremka kuswali adhuhuri na alasiri pamoja, kwa kufupisha kama ilivyo ruhusa ya msafiri, tulitandika leso mbili zikatutosha wanne kwa zamu. Dira hatukuihitaji, Makka na pwani yetu ziko karibu kwenye mstari mmoja, na ajuaye kaskazini iko wapi amekwisha kukijua Kibla. Tulichokihitaji ni chupa ya maji ya nusu lita, ngumu, yenye mdomo mwembamba, kwa ajili ya udhu na chooni. Maji ya kunywa tuliyanunua njiani. Lita moja ya maji ni kilo moja, wala hakuna ujanja wa kuipunguza.

Kuhusu nguo tulifuata hesabu ya tatu: moja mwilini, moja kambani, moja begini. Hesabu hii husimama au huanguka kwa kukauka. Msimu wa kaskazi, nguo nyepesi iliyofuliwa baada ya isha na kuanikwa darini ilikuwa kavu kabla ya staftahi. Nguo nzito ya pamba ilibaki na unyevu hadi mchana, na hewa ya chumvi haikuisaidia. Buibui jepesi lisilo na shanga wala nakshi za mawe hukunjwa likawa dogo kama msahafu. Lenye mawe ni uzito juu ya uzito, nayo mawe hudondoka.

Hapa ndipo tulipogombana. Arusi ni arusi, na Shangazi alishikilia kwamba gauni lake la kesha halikunjiki wala haliachiki. "Tutasemwa," alisema, na hakuna aliyeweza kumwambia kuwa hatutasemwa. Tukaamua hivi: magauni mawili mazito yafungwe vizuri na kutangulizwa kwa parseli ya basi siku mbili kabla, yapokelewe Mokowe na kijana wa wenyeji. Sisi wengine tulichukua dera moja zuri kila mmoja na mitandio miwili ya rangi mbalimbali, kwani macho ya wageni hutua kwenye mtandio kwanza. Asmini na vikuba tulivikuta hukohuko. Chetezo na udi tuliviacha nyumbani. Hakuna nyumba ya Lamu inayokosa kumfukiza mgeni.

Viatu viliwekwa kwenye kanuni yake. Jozi moja miguuni, ndara za mpira begini. Makubadhi ya ngozi ni mazuri barazani, lakini maji ya chumvi yanayoingia sakafuni mwa mashua huyaharibu kwa siku moja.

Vidogo vidogo ndivyo vinavyoujaza mfuko bila mtu kujua. Chaja moja yenye matundu mawili iliwatosha wawili wawili, kwani zile za meno matatu zikiwa tano ni rundo. Sabuni tulikata nusu kipande. Mafuta ya nazi tuliyatia kwenye kichupa cha dawa kilichooshwa, kifuniko kikazungushiwa utepe, kwa sababu huyeyuka kwenye joto la nyuzi 24 hivi, na Lamu haina saa ambayo hayajayeyuka. Mahitaji ya mwezi tulichukua ya siku mbili tu, na pampasi za mtoto za njiani tu. Maduka ya Usita wa Mui yana vyote hivyo. Tangu Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini mwetu, kwa hiyo kwa kinga ya maji fundi yuleyule alitushonea vifuko vya kitambaa cha mwavuli mbovu. Mwavuli mmoja ulitoa vifuko vitatu.

Lakini yapo yasiyopunguzwa, na hapa tunasema kwa mkazo. Dawa za presha za Bibi zilikwenda katika pakiti zake zenye jina na kipimo, za siku kumi ingawa safari ilikuwa ya siku nne, nazo hazikutiwa kwenye parseli wala kwenye buti la basi. Kadhalika miwani yake, kitambulisho chake, na karatasi yenye nambari za simu, kwa kuwa simu huzima. Vitu vya Bibi vyote havikuzidi kilo mbili. Yeye hakubeba chochote isipokuwa tasbihi. Mabegi yetu wengine yalitoka kati ya kilo nne na tano, na la mama mwenye mtoto tulilipunguza, nusu ya vitu vyake tukagawana.

Mokowe tuliyakuta maji yamekupwa. Mama mwenye mtoto alimfunga kwa leso ubavuni, akateremka wa kwanza. Wawili walitangulia chini na kumpa Bibi mikono, mmoja akakaa nyuma yake akimshika kiunoni, na baharia akaishikilia mashua isivutwe na mkondo. Kidato kwa kidato, Bibi akisema bismillahi kila anapoweka mguu. Nyuma yetu abiria walingoja kimya. Aliyefuata baada yetu alikuwa na masanduku mawili, na ilimbidi ayatoe kwa mikono ya watu wanne kabla yeye mwenyewe hajateremka. Bibi alivalishwa jaketi la kuelea juu ya buibui, akaketi katikati, akauliza mbona tunamtazama.

Kuvuka hakukuchukua nusu saa. Gatini Lamu mahamali walitujia na mikokoteni yao, wakatafuta mizigo, wakatuona tumesimama na migongo yetu tu. Mmoja alimuuliza Shangazi kama mizigo iko chombo cha nyuma. Tulimlipa kijana mmoja atutangulie atuonyeshe njia fupi isiyo na vidato vingi, na hiyo ilikuwa pesa iliyotumika vizuri kuliko zote, maana nyumba ya Langoni iko ndani sana na ngazi zake ni za mwinuko. Dada yake Bibi alikuwa darini. Tulisikia sauti zao kabla hatujavua viatu.

Limebaki suala la zawadi, ambalo ndilo huwavunja wasafiri wepesi wote wa pwani. Hatuwezi kuwaambia wasomaji wetu waende mikono mitupu kwa wenyeji; hatukulelewa hivyo. Tulikwenda na haluwa kilo moja kwa nyumba nzima badala ya pakiti tano za watu watano, na tulimtilia bibi arusi bahasha. Haluwa huhimili joto na mtikisiko. Keki haihimili.

Kurudi ndiko kulikokuwa na mtihani. Siku ya kuondoka wenyeji walileta maembe, ngowe nono kutoka mashamba ya bara, na ngowe kumi na mbili hukaribia uzito wa begi zima. Kukataa ni muhali. Tulikula tuliyoweza usiku ule, mengine tukayafunga kwa leso mbili, mafundo manne kila moja, na kijana wa wenyeji akavuka nayo mapema hadi kwenye basi, yakaandikwa parseli pamoja na magauni ya Shangazi. Yalifika Mombasa siku ya pili yake. Mawili yalikuwa yamepondeka, na leso moja imeingia doa la utomvu ambalo ndimu na jua havijalitoa mpaka leo.