Butembo: Majani ndani ya bwawa la samaki, kiasi gani kinatosha?

Katika mabonde ya Butembo, chini ya vilima vilivyojaa nyumba, watu wengi wamechimba mabwawa ya samaki. Wanafuga tilapia, wengine kambale. Kati ya wanaoyatunza leo wamo wahami wa vita: waliokimbia mauaji yaliyoanza eneo la Beni Oktoba 2014, na waliotoka kusini mwa Lubero baada ya M23 kuteka Kanyabayonga Juni 2024. Hawana shamba. Wanaomba bwawa kwa mwenyeji, wanalitunza, kisha mavuno yanagawanywa.

Mama mmoja kutoka upande wa Beni alipata bwawa la namna hiyo, mita 10 kwa mita 10. Kwao alikuwa na lake, akaliacha na samaki ndani. Hapa akafanya kama kule: akaacha majani yaelee juu ya maji na matete yasimame kando, ili ndege wasione samaki. Miezi ikapita, samaki hawakui. Asubuhi moja akawakuta wamepanda juu, midomo wazi, wakitafuta hewa. Wengine walikuwa wamekufa. Mle ndani mlikuwa na pesa za shule za watoto.

Mwenye shamba akasema: "Mama, ng'oa yote." Akajibu: "Papa, tukitoa yote, mvua itakula ukingo." Kila mmoja alikuwa na sehemu ya kweli.

Mchana, majani yaliyo ndani ya maji hutoa hewa safi kwa nguvu ya jua. Usiku yanaacha kutoa, nayo yanavuta hewa ileile ya samaki. Yale yanayoelea yakifunika maji, jua haliingii, na yanayooza chini yanakula hewa zaidi. Ndiyo maana samaki huteseka kabla ya jua kuchomoza. Kambale huvumilia, maana anaweza kuvuta hewa ya juu. Tilapia hawezi.

Tena Butembo si Beni. Beni iko juu kidogo ya mita 1,000, Butembo karibu mita 1,700. Tilapia hupenda maji ya moto. Yakishuka chini ya digrii 20, karibu anaacha kukua. Kivuli kinachofaa Beni, Butembo kinazidisha baridi. Mama huyo hakukosa ujuzi. Ujuzi wake ulikuwa wa mahali pengine.

Basi wawili hao wakapatana. Majani yasipite theluthi moja ya bwawa, na kwa baridi ya Butembo ni heri yawe chini ya hapo. Kwa bwawa la mita 10 kwa 10, hiyo ni mita 33 za mraba kwa wingi. Nyasi fupi zibaki juu ya ukingo kushika udongo, matete yaliyo ndani ya maji yakatwe, maana humo mbu hutaga, na malaria haibagui mwenyeji na mhami. Yaliyong'olewa yasirudishwe majini. Yarundikwe shambani yawe mbolea.

Kipimo kingine ni mkono. Ingiza mkono majini ukiwa umenyoosha kiganja. Maji ya kijani yakificha kiganja pale yanapofika kwenye kiwiko, chakula cha samaki kipo. Yakikificha mapema zaidi, acha kutia samadi kwanza. Na idadi ya samaki isizidi wawili kwa kila mita ya mraba.

Jambo la mwisho ni la watu. Mhami akiogopa kukata majani ya mwenyewe, na mwenyeji akidhani mhami ni mvivu, bwawa litafungwa na wote watakosa. Kabla ya kuingiza vifaranga, patane waziwazi: nani anakata, siku gani, na kiasi gani kinabaki.